Córdoba na familia mwezi wa saba: jinsi ya kuuona mji bila kupigwa na jua

Shule zikishafungwa tu huku Ulaya meseji zinaanza. Ndugu walioko Uingereza, Uholanzi, mwingine Muscat, wote swali moja, tunataka kwenda Hispania kuuona ule msikiti wa Córdoba, tuna watoto na bibi yao, hivi joto la kule ni kweli au watu wanakuza? Ni kweli jamani. Tarehe 14 Agosti 2021 pale La Rambla, mji mdogo ndani ya mkoa huohuo wa Córdoba, walipima nyuzi 47.6, na ndo rekodi ya Hispania nzima. Siku ya kawaida kabisa ya Julai au Agosti ni 36, 37, 38, na likija wimbi la joto inapita 40 siku kadhaa mfululizo.

Na sisi watu wa pwani ndo tunadanganyika zaidi, manake tunajiona joto tunalijua. Joto la Dar au Mombasa linakulowesha, shati linaganda mgongoni, mwili wenyewe unakwambia tafuta kivuli. La Córdoba ni kavu. Jasho linatoka na linakauka hapohapo, huhisi kama unapoteza maji, mtoto anacheza vizuri tu alafu ghafla anakaa chini analia kichwa. Upepo nao usiutegemee, mchana ukivuma ni kama mtu kafungua mlango wa tanuri la mikate. Lakini inawezekana kabisa, tena na watoto, tena na wazee, ila ufuate utaratibu wa wenyeji na siyo utaratibu wa mtalii.

1. Kwanza badilisha saa kichwani

Hili ndo la msingi kuliko yote humu, ukilishika hili mengine yanajipanga yenyewe. (Saa zote nimeandika za Kiswahili, saa mbili asubuhi ndo ile simu inayosema 8:00, msije mkafika mlangoni saa nane mchana mkanitukana.)

Hispania iko magharibi mwisho wa Ulaya lakini saa zao ni sawa na za Berlin, na kiangazi wanasogeza tena mbele saa moja kama nchi nyingi za Ulaya, kwa hiyo saa ya ukutani na jua la angani havijuani. Sisi tumezoea saa sita mchana jua liko utosini. Córdoba mwezi wa saba jua linafika juu kabisa kwenye saa nane na nusu mchana hivi. Linachomoza saa moja na dakika chache asubuhi na linazama saa tatu na dakika arobaini usiku, yaani magharibi mnaiswali karibu saa nne usiku, na isha usiku wa manane watoto wanakoroma.

Sasa joto kali la siku linakuja masaa kadhaa baada ya jua kupita juu. Kwa hiyo kilele ni kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Soma hapo tena, manake ndo mda ambao kwetu watu wanatoka, jua limepoa, unaenda Forodhani au Coco Beach na watoto. Mtu anakaa hotelini saa saba mpaka saa kumi anajiona kapumzika vya kutosha, anatoka saa kumi na nusu na familia nzima, anaingia kwenye moto wenyewe. Wenyeji saa hiyo huwaoni, wamefunga madirisha wamelala.

Ratiba inayofaa ni hii, mizunguko miwili kwa siku. Wa asubuhi, saa mbili hadi saa sita, ikizidi sana saa saba. Alafu ndani mpaka jua linakaribia kuzama. Wa usiku, saa tatu mpaka saa sita usiku au hata zaidi, na usiogope kuwaweka watoto macho, utakuta watoto wa Kihispania wanacheza mpira kwenye viwanja saa tano usiku na bibi zao wamekaa kwenye mabenchi pembeni wanapepea feni za mkono.

2. Pa kulala: uliza mambo matatu kabla ya kulipa

Kiyoyozi kiwe kwenye kila chumba mtakacholala. Nyumba nyingi za kupanga zinaandika "ina kiyoyozi" kumbe kipo sebuleni tu na vyumba vya watoto havina kitu, mwandikie mwenye nyumba umuulize chumba kwa chumba. La pili ni bwawa la kuogelea. Najua inaongeza bei, lakini hayo masaa yote ya ndani na watoto wa miaka sita na tisa mtafanya nini? Hata likiwa dogo la juu ya paa linatosha, bora ubane hela kwenye mengine.

La tatu ni umbali. Mtaa wa zamani unaozunguka Mezquita (ndo huo msikiti wenyewe) ni vichochoro, magari mengi hayaingii, na chini wametandaza kokoto za mtoni zilizosimamishwa kwa ubavu, sanduku la magurudumu likipita hapo utadhani linavunjika. Kama mna bibi anayetembea polepole tafuteni sehemu ambayo teksi inafika mlangoni lakini Mezquita si zaidi ya dakika kumi kwa miguu.

Mkifika chumbani mtaona madirishani kuna mapazia magumu ya kushusha kwa mkanda, yako nje ya kioo, wanaita persiana. Hayo ndo kiyoyozi cha kwanza. Asubuhi mkitoka funga madirisha yote, shusha persiana mpaka chini, chumba kiwe giza totoro. Kwetu tunafungua dirisha upepo wa bahari uingie, kule ukifungua mchana unaingiza moto na hautoki tena. Madirisha wanafungua usiku wa manane mpaka alfajiri, ndo hewa imepoa.

3. Kufika

Córdoba watu wengi wanafika kwa treni na ndo rahisi. Reli ya mwendokasi ya kwanza ya Hispania, ya mwaka 1992 kati ya Madrid na Sevilla, inapita hapohapo. Kutoka Madrid ni saa moja na dakika arobaini na tano hivi, kutoka Sevilla dakika arobaini na tano, kutoka Málaga karibu saa moja. Tiketi kata mapema onlaini, kampuni ziko zaidi ya moja, Renfe, Iryo na Ouigo, linganisha bei. Chagua treni ya asubuhi au ya usiku. Kushuka na masanduku saa kumi na moja jioni alafu mnasimama juani kusubiri teksi na mtoto mgongoni, hiyo siku ya kwanza imeshaharibika. Kutoka stesheni mpaka Mezquita watu wanasema karibu, na kweli ni kama dakika ishirini na tano kwa miguu, lakini na mizigo panda teksi.

Kama una pasi ya Tanzania au Kenya na unaishi Uingereza kumbuka kibali chako cha Uingereza hakikuingizi Hispania, unahitaji viza ya Schengen na miadi ya kiangazi inajaa mapema mno.

4. Mkoba wa kutembea nao

Chupa ya maji kila mtu na yake, hata mtoto wa miaka minne, ajue hii ni yangu. Usiku jaza maji nusu ya chupa, ilaze kwa ubavu kwenye friza, asubuhi ongeza maji ya kawaida juu ya barafu, inakaa baridi mpaka mnarudi. Maji ya bomba Córdoba ni salama kunywa na mjini kuna chemchemi za kunywea, ila ukiona kibao kimeandikwa "no potable" hapo nawa uso tu. Kwenye migahawa omba "agua del grifo", maji ya bomba, tangu 2022 sheria yao inawataka wayatoe bure.

Kofia pana, losheni ya jua (ngozi nyeusi nayo inaungua jamani, tuache zile hadithi), nguo za pamba nyepesi na pana, kanga mbili. Kanga usiidharau: unailowesha kwenye chemchemi unamfunika bibi shingoni, unatandika chini, unamfunga mtoto, unavaa mabegani mkiingia kanisani. Feni ya mkono nunueni hukohuko, wanauza kila kona.

Wenye watoto wachanga, usifunike kigari kwa kitambaa ukidhani unampa kivuli, hewa haipiti na ndani panachemka kuliko nje. Fungua mwavuli wake, mwache hewa impige. Alafu kumbuka kigari kiko karibu na mawe yaliyopata moto tangu jana, wewe uliyesimama hulisikii joto analolisikia yeye kule chini. Kwa zile kokoto mimi naona bora mbeleko, ila kwa mda mfupi, manake miili miwili ikigandana nayo ni joto.

5. Asubuhi ya kwanza ni ya Mezquita

Jengo lenyewe leo ni kanisa kuu na wanaliita Mezquita-Catedral. Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, mnaingia bure, na vikundi vya kuongozwa haviruhusiwi mda huo. Baada ya hapo ni tiketi, mtu mzima alikuwa yuro 13 na watoto chini ya miaka 10 bure, angalia tovuti yao rasmi manake bei zinapanda na kuna siku za ibada wanafunga. Saa ya bure ina shida moja, kabla haijaisha vizuri walinzi wanaanza kuwasogeza watu nje. Mwenye watoto wadogo wenye subira ya dakika arobaini hiyo inawatosha. Lakini kama umetoka mbali na hili jengo lina maana kwako, lipia. Tena ipange saa tano, ndani pana kivuli na ubaridi mzuri, kwa hiyo vichochoro mvimalize kwanza asubuhi na mapema alafu Mezquita iwe ndo kimbilio jua likianza kukaza.

Ua wa michungwa, Patio de los Naranjos, ni bure kuingia. Angalieni chini, kuna vijifereji kwenye mawe vinavyotoka mchungwa mmoja kwenda mwingine. Mwache bibi hapo kwenye kivuli na mjukuu mmoja wakati wengine mnahangaika na tiketi.

Ndani watoto watachoka haraka kama utawasomea historia, wape kazi. Kazi ya kwanza ni nguzo. Ziko zaidi ya 850 na hazifanani: nyingi za mwanzo zilitolewa kwenye majengo ya zamani ya Warumi na Wavisigothi (waliotawala kabla ya Waislamu), nyingine nyeusi, nyingine za pinki, nyingine zina mistari, vichwa vyake tofauti tofauti. Abdulrahman wa Kwanza, amiri wa Kiislamu wa Córdoba, alipoanza kujenga mwaka 785 hizo nguzo zilikuwa fupi, dari lingekuwa chini mno, ndo mafundi wakapandisha tao juu ya tao, hayo mekundu na meupe mnayoyaona kwenye picha. Mwambie mtoto atafute nguzo mbili pacha, atahangaika kweli.

Kazi ya pili wanaipenda zaidi, kukamata wekundu wa uongo. Sehemu za zamani wekundu wa matao ni matofali halisi yamepangwa kwa zamu na jiwe jeupe. Msikiti ulipanuliwa mara kadhaa, na upanuzi wa mwisho, ule mkubwa wa waziri Almanzor mwishoni mwa karne ya 10, tao lote ni jiwe na wekundu wamepaka rangi tu. Ukishaambiwa, unaanza kuona mwenyewe wapi tofali na wapi rangi, na mtoto wa miaka tisa anajiona mpelelezi.

Alafu mihrabu. Ile ya khalifa al-Hakam wa Pili, miaka ya 960, mozaiki za dhahabu, na inasimuliwa kwamba fundi na vipande vyenyewe vililetwa kutoka Konstantinopoli (Istanbul ya leo) kwa mfalme wa Bizanti. Maandishi ya Kiarabu ya Kufi yanazunguka na mwenye kujua Qurani anaweza kuokota neno hapa neno pale, hapo wazee wengi wanasimama kimya mda mrefu, waacheni. Watu wa kibla watashangaa kidogo, mihrabu inaelekea kusini wakati Makka kutoka kule ni karibu mashariki, wataalamu wanabishana mpaka leo kwa nini.

Katikati ya hizo nguzo kunachomoza kanisa zima, refu, jeupe. Mji ulichukuliwa na mfalme Fernando wa Tatu mwaka 1236 na msikiti ukageuzwa kanisa, lakini hili jengo la katikati lilianza 1523. Wengine wanaudhika, wengine wanaliona zuri, ongeeni na watoto wakubwa wana akili ya kuelewa.

Kuswali ndani hairuhusiwi, na walinzi wako makini kweli, ukionekana unafunga mikono wanakuja. Waambieni wazee mapema kabla hamjaingia ili wasije wakaaibishwa mbele ya watu. Hijabu haina tabu, kofia za jua mnavua. Kwa swala kuna msikiti mdogo unaitwa Morabito, uko kwenye bustani ya Plaza de Colón, au mswali hotelini.

Mnara wa kengele una tiketi yake peke yake, na watoto wadogo sana hawapandi. Ndani ya ule mnara umo mnara wa zamani wa adhana, wameuvika ukuta juu yake.

6. Vichochoro na nyua

Mtaa wa Wayahudi, Judería, ni wa saa mbili hadi saa nne asubuhi. Ile Calleja de las Flores inayojaa kwenye Instagram ni kichochoro kifupi kisicho na upande wa pili, baada ya saa nne mnapigana viwiko. Sinagogi ya mwaka 1315 ni chumba kimoja kidogo, dakika kumi inatosha, angalia nakshi za plasta na maandishi ya Kiebrania ukutani. Karibu yake kuna sanamu ya Maimonides, yule tabibu na mwanazuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa mji huu karne ya 12 akaandika mengi kwa Kiarabu.

Mlioishi Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu hapa mtatembea kama mko nyumbani, manake waliojenga walikuwa na tatizo lilelile la jua na wakapata jibu lilelile: mtaa mwembamba ili ukuta mmoja uupe mwingine kivuli, kuta nene, chokaa nyeupe, na nyumba inaangalia ndani kwenye ua. Huo ua, patio, ndo fahari ya Córdoba. Shindano lake ni mwezi wa tano na UNESCO waliliingiza kwenye orodha yao 2012, lakini hata mwezi wa saba mnaweza kuziona kwenye Palacio de Viana, jumba moja lenye nyua 12. Nendeni asubuhi, kiangazi wanafunga mapema na Jumatatu hawafungui. Ukitoka mtaani ukaingia ule ua unasikia kabisa tofauti kwenye ngozi: maua na sakafu vimemwagiwa maji, yale maji yakigeuka mvuke yanakula joto, na ubaridi wa usiku bado umekaa chini kwenye kile kisima cha kuta. Vyungu viko mpaka juu ukutani, wanavimwagilia kwa kopo lililofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu.

Alcázar de los Reyes Cristianos, ngome ya mwaka 1328, raha yake ni bustani na mabwawa ya samaki. Nayo kiangazi ni asubuhi tu, Jumatatu imefungwa. Ndani ya jengo pitisheni haraka, watoto wanataka samaki.

Daraja la Kirumi, karibu mita 250 bila kivuli hata cha mti mmoja, mchana msiliguse. Tutalirudia.

7. Kula

Chakula cha mchana kwao ni saa nane mpaka saa kumi, cha usiku kuanzia saa tatu. Ukienda saa moja jioni na njaa utakuta jiko limefungwa. Wenye watoto nunueni matunda, mkate, mtindi, jibini muweke friji ya chumbani.

Kitu cha kula kwenye joto ni salmorejo, nyanya zilizosagwa na mkate, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni, nzito, baridi, mtoto anakula kwa kijiko. Tatizo juu wananyunyiza yai na vipande vya nguruwe, kwa hiyo kabla hajaondoka mhudumu sema "sin jamón, por favor". Na si huko tu, jamón wanaiweka hata kwenye mboga wakaona hawajaweka nyama. Biringanya za kukaanga na asali, berenjenas con miel, ni tamu ajabu ila uliza mafuta, sehemu nyingine wanakaangia humohumo flamenquín ambayo ni nguruwe. Ukiona menyu imeandika Pedro Ximénez ujue ni divai, hata kama ni mchuzi tu wa kupambia. Samaki wadogo wa kukaanga wapo, tortilla ya mayai na viazi ipo, kile kibaa cha Santos mkabala na ukuta wa Mezquita wanatengeneza nene kama mto wa kulalia na watu wanakula wamesimama nje, ila ni baa, mwenye kuona tabu anunue aondoke nayo. Jioni granizado ya limau, barafu iliyosagwa na ndimu, hiyo haina fitina.

8. Masaa ya ndani

Sina mengi hapa. Ogeni, kuleni, laleni, bwawani kwenye saa mbili kasoro usiku ndo pazuri. Lifanyeni kweli, siyo mzee kalala na vijana wanatoka "kununua soda tu". Maduka mengi madogo yenyewe yamefungwa kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja. Na msishangae msalaba wa kijani wa duka la dawa unaoonyesha nyuzi 48, mara nyingi uko juani unaongeza chumvi, amini tangazo la shirika lao la hali ya hewa, AEMET: njano, chungwa, nyekundu. Ikiwa chungwa fupisheni asubuhi. Ikiwa nyekundu, asubuhi kaeni ndani pia.

9. Usiku

Sasa ndo mji unafunguka. Anzieni Calahorra, ule mnara wa upande wa pili wa mto Guadalquivir, fikeni kwa teksi jua linazama, alafu vukeni Daraja la Kirumi kwa miguu kurudi mjini, Mezquita yote iko mbele yenu imewashwa taa. Chini kwenye visiwa vya majani kuna ndege wengi sana, yangeyange na korongo wanarudi kulala, na gurudumu la zamani la maji la Albolafia. Jiwe la daraja bado linatoa joto la mchana, ukiweka mkono utasikia, lakini mtoni kunapita kaupepo.

Mezquita ina ziara ya usiku kwa tiketi maalumu, wanaiita El Alma de Córdoba, taa zinawashwa kidogo kidogo na unasikiliza maelezo kwenye hedifoni. Wadogo chini ya miaka saba nane watalala. Wao wapelekeni Caballerizas Reales, mazizi ya kifalme yaliyoanzishwa 1570, wanaonyesha farasi wanaocheza. Au Plaza de la Corredera, uwanja mkubwa wa mstatili wenye matao pande zote, watoto wanakimbia mnawaona mkiwa mmekaa, bei ya aiskrimu tu.

10. Mtu akianza kuzidiwa

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, mtoto kununa bila sababu au hajakojoa tangu asubuhi: acheni kila kitu, ingieni ndani penye kiyoyozi, benki, duka, popote, hakuna atakayewafukuza. Mvueni viatu na nguo za juu, mloweshe shingo, makwapa na mapaja, mpepee, maji kidogo kidogo. Duka la dawa ukisema "suero oral" wanakupa chumvi chumvi za kuongeza maji.

Lakini akichanganyikiwa, akaongea maneno yasiyoeleweka, akaanguka, au mwili wa moto kabisa na anatapika, hapo si pa kusubiri, piga 112, huku unaendelea kumpoza kwa maji. Aliyepoteza fahamu usimnyweshe. Na mzee anayetumia dawa za presha, hasa zile za kukojosha, aongee na daktari wake kabla ya safari, dawa hizo na joto la namna hii vinagombana.

11. Medina Azahara, mkiwa na siku ya ziada

Kilomita 8 nje ya mji yapo magofu ya mji mzima ambao khalifa Abdulrahman wa Tatu alianza kuujenga mwaka 936, na kabla ya miaka mia haijaisha ulikuwa umeshavamiwa na kubomolewa. Mimi naupenda kuliko hata Alcázar. Ila ni mlimani, wazi, kivuli cha kuhesabu. Mnafikia kwenye jumba la makumbusho, linalopoa vizuri, alafu kibasi kinawapandisha juu. Wahini ufunguzi, saa tatu asubuhi, magofu kwanza, makumbusho baadaye mkirudi na jua. Jumatatu imefungwa. Kama AEMET wametangaza chungwa, bibi na wadogo wabaki bwawani na mzazi mmoja, waende wakubwa tu, na saa sita wawe wameshashuka.